Gitaa la Kupelekwa Bububu

Alfajiri ile, kama alfajiri zote tangu aolewe, Mwatum aliamshwa na vidole. Si vya kumgusa yeye. Hilo angalau lingekuwa na maelezo yake. Vilikuwa vidole vya mumewe, Shaame, vinapapasa gitaa.

Alijua kila hatua bila kufumbua macho. Shaame karudi msikitini. Shaame kamimina maji ya moto yaliyobandikwa ya chai, kaloweka mikono kwenye bakuli kama mtu anayesubiri biriani. Kaipangusa, kavuta kidole kimoja kimoja mpaka kikalia. Kisha kakaa kwenye kiti, mguu wa kushoto kaupandisha juu ya kibao cha mbuzi, maana gitaa la namna ile, alisema, halipigwi miguu yote ikiwa chini. Kwa hiyo mpaka bwana amalize, hakuna nazi itakayokunwa katika nyumba ile.

Dole gumba lilianza, pole pole, likafuata la shahada, la kati, la pete. Halafu zamu ya mkono wa kushoto: vidole vikapanda kwa foleni kama siafu, kutoka uzi mnene mpaka uzi mwembamba, vikashuka, vikasogea hatua moja, vikapanda tena. Mwishowe ikapigwa sauti moja ndefu, ikaachwa ife yenyewe.

Basi. Shaame akalifunga gitaa katika kanga kuukuu ya mkewe. Wimbo haukuja. Haujapata kuja hata siku moja.

"Shaame," Mwatum alisema kutoka kitandani, "wewe ni kama mtu anayenawa mikono kila siku halafu hali."

"Haya si ya kula, mke wangu. Haya ya kupasha vidole moto. Vidole navyo vina usingizi."

"Vyako vina usingizi. Mie nshaamka!"

Mazoezi hayo Shaame alifundishwa na Mwalimu Menezes, Mgoa mmoja aliyekuwa akifundisha gitaa la Kizungu kabla hajarejea kwao. Alimwachia gitaa, na wasia: mazoezi ya asubuhi hayafanywi yapendeze, yafanywe kama dawa ya minyoo. Shaame aliushika wasia huo kuliko wengine wanavyoshika wasia wa baba zao. Alikuwa na wimbo wake pia, wa Kihispania, mzuri kwa maneno yake mwenyewe. Lakini huo akiupigia dukani kwake Mlandege jioni, akishafunika cherahani, maana nyumbani alishapigwa marufuku ya kuzidisha. Mwatum hakuwahi kuusikia.

Ndipo ikaja habari ya klabu. Wazee wa klabu moja ya taarabu kule mtaa wa Malindi walikubali kumsikiliza Shaame Jumapili, baada ya Alasiri. Walikubali kwa shingo upande. Baadhi yao walisema gitaa ni chombo cha dansi, na dansi ni mlango wa ulevi; waliufahamuje mlango huo vizuri hivyo, hakuna aliyewauliza.

Mwatum aliiona njia. Alimwita shahidi, Bi Mwanapili, jirani wa dirisha la pili, mama mtu mzima ambaye uchochoro uliotenga nyumba zao ulikuwa mwembamba kiasi cha kupeana chumvi kwa mkono.

"Shikamoo Bi Mwanapili. Njoo usikie. Wakimkataa, gitaa linakwenda Bububu kwa kaka yangu, likakae shamba na wala lisirudi."

"Marahaba mwanangu. Na wakimkubali?"

"Wakimkubali nnafunga mdomo. Apige alfajiri, apige saa sita, mie kimya."

Bi Mwanapili alimtazama Shaame. "Umesikia, bwana? Mwanamke kukuahidi kimya! Mie mume wangu kafa anakitafuta."

Shaame alikubali. Lakini Mwatum aliona alivyolipakata gitaa siku ile, kama mtu aliyeambiwa mwanawe atapelekwa kulelewa mbali, akageuza uso asimwonee huruma.

Jumapili Mwatum na Bi Mwanapili walikuwa wa mwanzo kufika. Ukumbi wa klabu ulikuwa orofani, na wanawake walikaa chumba cha pembeni nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa na tundu ambalo kila mwanamke alijidai hakulitoboa yeye. Mwatum alipachika jicho.

Wazee walikaa na vyombo vyao. Katikati alikuwa Bwana Mabrouk, mpiga udi na mkuu wa klabu, mwenye kofia ya kazi ya mkono na sura ya mtu aliyekwishakataa. Kushoto kwake Machano, mpiga dumbak, kile kigoma cha mapajani, mnene, mcheshi. Shaame aliletewa kiti. Kibao cha mbuzi hakikuwepo, akapandisha mguu juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Mwatum aliiona mikono yake. Alikuwa akiifikicha.

"Imepoa," alimnong'oneza Bi Mwanapili. "Hajailoweka."

Shaame naye alilijua hilo. Wazee wakazungumza, wakapitishiana kahawa, wakabishana nani kachukua kiti cha nani. Shaame akaona amepata nafasi. Akainamisha kichwa, akaanza kujipasha vidole, taratibu: dole gumba, la shahada, la kati, la pete.

Bwana Mabrouk akanyanyua mkono. "Nyamazeni. Kaanza."

Sasa, watu wa klabu ile walikuwa na desturi ambayo hawajaivunja tangu zama za baba zao: hawaimbi chochote kabla ya bashraf. Bashraf ni muziki mtupu wa kufungulia, hauna mwimbaji wala maneno, vyombo peke yake. Kwa hiyo mtu akikaa mbele yao akapiga kitu cha pole pole kisicho na wimbo, hawana haja ya kuuliza. Ni bashraf hiyo.

Vidole vya kushoto vilipoanza kupanda kama siafu, Machano alitikisa kichwa mara mbili, akalivuta dumbak mapajani, akaingia. *Dum, tak-tak, dum, tak.* Fidla ikafuata, ikijivuta nyuma ya gitaa. Udi wa Bwana Mabrouk ukaja wa mwisho, kwa hadhi yake.

Shaame alinyanyua macho. Alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni achungulie harusi ya wenyewe, akajikuta anavishwa joho. Kuacha hawezi, kueleza hawezi. Akapanda, akashuka, akasogea hatua, akapanda tena, na kila akisogea ukumbi ulisogea naye.

Nyuma ya pazia Mwatum alikuwa kauma ncha ya buibui lake. Hicho ndicho! Ndicho kilichomkosesha usingizi, kilichomchelewesha kukuna nazi. Na sasa dumbak linakisukuma na fidla inakililia, na mwanamke mmoja pembeni yake kafumba macho anayumba. Mwatum alitaka kucheka, akaona kifua hakitaki kucheka. Kichwa chake kilikuwa kinatangulia mbele ya gitaa: sasa atashuka, sasa atasogea, sasa inakuja ile sauti ndefu. Ikaja. Mumewe akaiacha ife yenyewe, na ukumbi mzima ukaingoja ife.

"Allah! Allah!" Machano alipiga kelele. "We bwana, ulikuwa wapi?"

Bwana Mabrouk hakupiga kelele. Aliulaza udi wake mapajani. "Bashraf hiyo mie siijui. Inaitwaje?"

Mwatum alimjua mumewe: fundi ambaye akikupunja kitambaa nusu inchi anakuja nyumbani kwako kukuomba radhi. Aliuona ukweli ukimpanda kooni.

"Bwana Mabrouk," Shaame alianza, "kusema kweli, mie hapo nlikuwa bado sija..."

Mwatum angeweza kumwacha amalize. Wazee wangecheka, Bwana Mabrouk angeona kafanywa mjinga mbele ya watu wake, na gitaa lingeshinda kesho njiani kwenda Bububu. Alfajiri zingekuwa zake tena, chai ya moto na usingizi mpaka jua. Alilifikiria hilo kwa muda wa kuvuta pumzi.

"Inaitwa Mwatum!" alisema kwa sauti, kutoka nyuma ya pazia.

Ukumbi ukageuka. Bi Mwanapili akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Nani huyo Mwatum?" Bwana Mabrouk aliliuliza pazia.

"Anayeisikiliza kila alfajiri kabla hajanywa chai! Muulizeni mpigaji mwenyewe kama si kweli."

Shaame aliinama. "Kweli," alisema. Na ilikuwa kweli tupu.

Walimtaka apige na kitu kingine. Akapiga ule wimbo wake wa Kihispania, bila kukosea. Machano alilitafutia dumbak pa kuingilia, hakupaona, akarudi kwenye kahawa yake.

"Huu mzuri," Bwana Mabrouk alisema. "Kawapigie wenyewe. Lakini ile *Mwatum*, Alkhamisi tunafungulia nayo. Kiti chako kile."

Kesho yake Mwatum aliamka kwa mazoea, akangoja dole gumba. Likaja jingine kabisa: kidole kimoja, uzi mmoja, tin, tin, tin, tin, kama tone la maji kwenye ndoo. Alivumilia, maana aliahidi mbele ya shahidi. Akajifunika mto. Tin, tin, tin.

"Shaame! Ndiyo nini hicho?"

"Mazoezi mapya. Yale siwezi tena, nikiyaanza tu namsikia Machano, vidole vinataka kuringa. Mwalimu alisema yasipendeze." Akatua kidogo. "Si uliahidi kimya?"

"Rudisha ile yangu."

"Ile ya klabu sasa, mke wangu."

"Klabu wameikuta kwangu," Mwatum alisema, akasogeza mto chini ya kichwa. "Piga."