Kisanduku cha Saa Saba

Ngazi aliyokuwa akiichora ilikuwa imefika katikati ya ghorofa ya chini na ya kwanza pale skrini ilipofifia ikawa ya kijivu, na kisanduku cheupe kikajitokeza juu ya vidato kama mlango uliofungwa usoni mwa mtu. Ndani yake mlikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Mzee Rula alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akaurudisha nyuma, akapangusa miwani kwa ncha ya shati. Maandishi yakabaki vilevile: msururu wa sisimizi waliosimama.

"Imekatika tena?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Imekatika."

"Basi njoo ule. Hiyo mashine ina akili kuliko wewe. Saa ya chakula ikifika, inajua."

Hakwenda. Alichukua simu akampigia fundi wa kompyuta wa ofisini, bwana mmoja ambaye sauti yake ilikuwa siku zote ya mtu anayetafuna kitu.

"Shikamoo, mzee. Ni ileile?"

"Marahaba. Ileile. Ikikaribia saa saba, kata. Jana hivyo, juzi hivyo."

"Taa za kile kiboksi cha mtandao zinawaka?"

"Zinawaka zote, utadhani kuna harusi."

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha. Nimebaki kujizima mimi mwenyewe."

Fundi alicheka. "Usituzimikie, mzee. Haya, hicho kisanduku kinachotokea kimeandikwaje? Nisomee neno kwa neno."

Mzee Rula alikitazama kisanduku. Angeweza kumwita mkewe, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kusema kwamba hayaoni maandishi. Lakini neno hilo, hata alipolitamka moyoni tu, lilikuwa chungu mno.

"Kinasema muunganisho umekatika," akajibu.

"Basi? Hakitaji sababu?"

"Ningekuwa naijua sababu, mwanangu, ningekupigia wewe?"

Fundi akasema ataangalia waya, ataangalia kinga ya mtandao, ataangalia kama kompyuta ya ofisini haisinzii. Akaagana naye kwa heshima, akaenda kutafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.

Jina la Rula alipewa ofisini, zamani, kwa sababu aliweza kutupia ukuta jicho moja na kutaja urefu wake, na rula ikaja baadaye kama shahidi tu. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Ujanani alibeba zege mchana, na jioni, mikono ikiwa bado imekakamaa kwa saruji, alikaa kwenye dawati la shule ya watu wazima akijifunza kuchora kile alichokuwa akikibeba. Alianza kwa wino na karatasi. Kompyuta zilipokuja, wenzake wa rika lake wakaziogopa, yeye akajiandikisha tena darasani akiwa na mvi. Hakuna aliyempa kitu bure, na hilo alipenda lijulikane.

Nyonga ilipoanza kumsumbua, mkuu wa ofisi alimruhusu afanyie kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa dirisha tu. Michoro yenyewe, na mashine kubwa iliyoibeba, vilibaki kwenye meza yake ya zamani ofisini. Kila asubuhi alipita katika dirisha hilo, akaketi mezani kwake bila kuketi, akachora. Saa nane mkuu aliichukua michoro ya siku.

Nyonga ilijulikana na kila mtu. Macho hayakujulikana na mtu yeyote, au ndivyo alivyoamini. Ukungu uliingia polepole, kama wageni wenye adabu, ukaketi pembeni ya jicho la kulia, kisha ukajisogeza. Mistari miwili ikianza kuonekana mitatu, yeye aliongeza mwanga wa taa. Tena alikuwa na ushahidi wa kumtuliza. Mara nyingi mtandao uliporudi baada ya chakula, alikuta mchoro umetulia kuliko alivyoukumbuka. Mlango aliokuwa na shaka nao ulikaa sawasawa katika ukuta. Mshale wa kuonyesha ngazi inakopanda ulikuwa na ule mkia mdogo uliopinda ambao hakuna mchoraji mwingine aliyeuweka. "Mkono bado upo," alijiambia, akanyoosha mgongo.

Siku kadhaa baadaye fundi alipiga simu mwenyewe. Safari hii hakuwa akitafuna kitu.

"Mzee, nimeipata. Hakuna ubovu. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Kuna mtu anakaa kwenye meza yako ofisini wenzake wanapotoka kula. Anaingia kwa jina lako na pasiwedi yako. Kompyuta ile haikubali watu wawili kwa jina moja, kwa hiyo akiingia yeye, inakutoa wewe. Ukiingia tena wewe, inamtoa yeye. Mmekuwa mkisukumana mlangoni. Ajabu ni kwamba kisanduku huwa kinasema hivyo hivyo."

Mzee Rula alihisi masikio yakiwaka moto. Aliruka neno la mwisho kama mtu arukavyo dimbwi. "Mwizi," akasema.

"Sijui, mzee. Hakuna kilichonakiliwa. Labda tuulize kwanza taratibu..."

"Mtu akikutwa chumbani kwako, utamuuliza taratibu? Badilisha pasiwedi. Na uandike ripoti, umpelekee mkuu leo hii."

"Leo?"

"Nimefanya kazi pale kabla hujazaliwa. Andika."

Fundi akaandika. Pasiwedi ikabadilishwa, na kuanzia hapo njia ikawa nyeupe. Saa saba ilikuja na kupita kama saa nyingine yoyote. Mkewe alileta chakula mezani pa kazi, akasema kwa dhihaka kwamba sasa hata ile mashine imeacha kumhurumia. Mzee Rula alikula kwa mkono mmoja na kuchora kwa mwingine. Alijiona ameshinda.

Mkuu wa ofisi alipopiga simu, alianza na habari ya mwizi.

"Alikuwa Penseli," alisema. "Nimemwachisha kazi. Nilimuuliza anatafuta nini kwenye mashine yako, akakataa kusema. Mimi naona alitaka kuiba michoro, akafungue ofisi yake."

Penseli. Yule binti mwembamba aliyekuja ofisini hajui hata kushika kalamu ya wino, ambaye siku zote alichomeka penseli kwenye nywele zake na kuitafuta mezani kote. Mzee Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na alimpa hata pasiwedi, miaka ile, ili amfungulie mashine asubuhi, wala hakuibadilisha kamwe. Fadhila za punda, aliwaza, na wazo lile likampa faraja ya ovyo, kama upele unapokunwa.

"Na jambo la pili," mkuu akaendelea, sauti ikapungua. "Mchoro wa ile zahanati. Mkandarasi ameurudisha. Mlango wa wodi unafungukia ngazini, mzee. Mgonjwa akitoka, anaanguka. Na vidato vya juu havilingani na vya chini. Bahati nzuri walikuwa hawajamwaga zege."

"Haiwezekani."

"Nimeuona mwenyewe. Na wa wiki hii pia una kasoro. Makosa haya hayajawahi kuwa yako."

Alipokata simu, Mzee Rula aliukuza mchoro wa zahanati hadi mistari ikawa minene kama kamba, akaukagua kipande kwa kipande. Mkuu alisema kweli. Kisha akafungua mchoro wa zamani zaidi, wa siku ambayo mtandao ulikatika. Mashine ilikuwa imehifadhi nakala mbili: ile aliyoiacha kabla ya saa saba, na ile iliyokuwepo baada yake. Akaziweka bega kwa bega. Katika ya kwanza ngazi ilipinda, mlango ulielea nje ya ukuta. Katika ya pili kila kitu kilikuwa mahali pake, na mshale wa kupandia ulikuwa na mkia mdogo uliopinda.

Mkia ule yeye ndiye aliyemfundisha Penseli. Alikuwa amesahau kwamba kuna mkono mwingine duniani unaouchora.

Alimwita mkewe. Akatafuta kwenye simu picha ya kile kisanduku, aliyoipiga siku moja kwa hasira ili amwonyeshe fundi, kisha akaacha kuituma. "Nisomee," akasema.

Mkewe alisoma bila kutaka kujua kwa nini: "Mtumiaji mwingine ameingia kwenye kompyuta hii, hivyo umeondolewa."

Mkewe akaketi ukingoni mwa kiti.

"Ulijua?" Mzee Rula akauliza.

"Kuhusu kompyuta? Ningejulia wapi? Kuhusu macho, nilijua tangu siku uliyoliamkia shati langu kwenye kamba ya nguo, ukaliuliza habari za watoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mficha maradhi..." Sehemu ya pili hakuitaja.

Simu ya Penseli iliita kwa muda mrefu. Nyuma ya sauti yake, alipopokea, kulisikika mabati yakishushwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Maneno aliyoyapanga yakatawanyika. "Uko wapi?"

"Duka la vifaa vya ujenzi. Nawapimia watu vigae. Mtu anakuja anasema sebule yake ni kubwa kiasi, nami namuuliza kiasi gani, ananyoosha mikono." Alicheka kidogo. "Nyonga haijambo?"

"Nyonga haijambo. Nimeziona nakala mbili."

Mabati yaligongana, kisha yakatulia.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hukuwa ukinipa nafasi. Nikianza kunyoosha ngazi, unarudi unanitoa. Ile ya ghala ilibaki nusu kwa sababu yako. Nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu leo hali chakula?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye uliyenichapa vidole kwa rula kwa sababu ya mlango uliofungukia ngazini. Nikupigie simu nikuambie, Mwalimu, mlango wako unafungukia ngazini?"

"Na mkuu alipokuuliza? Kinywa unacho."

"Angeuliza kwa nini narekebisha. Halafu angeuliza habari za macho yako. Hiyo haikuwa habari yangu ya kutoa."

Alitaka kusema samahani. Katika maisha yake alilitumia neno hilo kwa kupita mbele za watu na kwa kukanyaga miguu, na sasa lilikuja na udogo huohuo. Alilisema hata hivyo. Penseli akajibu, "Yamepita, Mwalimu," kwa upole ambao ulimuuma kuliko tusi. Kisha akasema kuna mteja, na simu ikakatika, na safari hii mzee hakuhitaji fundi wa kumweleza sababu.

Kesho yake alikwenda ofisini, fimbo mkononi, mkewe akimtangulia ngazini kumhesabia vidato. Alikataa kiti. Alimwambia mkuu yote aliyopaswa kumwambia fundi siku ya kwanza: kwamba kisanduku kilisema na yeye hakukiona, kwamba ripoti ile aliilazimisha, kwamba kazi nzuri ya miezi ile ilikuwa na mikono miwili na mkono mzima haukuwa wake. Wachoraji wengine walisita kubonyeza vipanya vyao. Aliwasikia wakisikiliza.

Mkuu alizungusha kalamu kwa muda. "Nitampigia," alisema hatimaye. "Lakini sikuahidi, mzee. Siku ile nilimwita mwizi mbele ya watu wote hawa. Akachukua penseli zake, akatoka, hakugeuka. Sijui kama mimi ningerudi."

"Neno la wizi lilianza kwangu," alisema Mzee Rula.

"Mchoro wa shule ulionao, malizia unapoweza. Mengine tutaona. Halafu ukapasuliwe hayo macho, upumzike."

Alipofika nyumbani alimpigia fundi, akamwomba amrudishie pasiwedi ya zamani.

"Ile? Mzee, ile si salama. Kuna mtu anaijua."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

Vibonye vikasikika vikigongwa. "Tayari."

Siku zilizofuata alichora asubuhi, polepole, kila mstari akiukuza hadi ukamtii kwa kadiri ulivyoweza. Hakuficha tena, palipomshinda aliweka duara jekundu, kubwa, lisiloweza kupitwa na jicho la mtu yeyote. Ngazi ya shule ilikuwa na maduara mengi. Ilipokaribia saa saba aliondoa mkono kwenye kipanya, akauweka gotini. Njia ilikuwa nyeupe. Taa za kiboksi ziliwaka zote. Kishale kilisimama katikati ya vidato, kikipepesa, mahali alipokiacha.

Harufu ya chakula ilitoka jikoni. Mkewe akasimama mlangoni, kitambaa begani, akatazama mgongo wa mumewe na mwanga wa skrini uliomzunguka.

"Imekatika?" akauliza.

"Bado," alisema Mzee Rula, naye hakugeuka.