Safari ya Wasio na Ndugu

Nchi ile jirani ilipofunga mpaka haikumuuliza mtu, na ilipoufungua haikumwomba mtu radhi. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba watalii sasa wanakaribishwa, mtangazaji akilisema jambo lenyewe kama anayetangaza harusi. Kufikia mchana, wakala mmoja wa safari mwenye ofisi juu ya duka la dawa alikwishabandika picha dirishani: ziwa, mlima, watoto wanaocheka. Picha ya geti la mpakani haikuwepo. Geti walikuwa wamelipaka rangi, na kwa watu wa aina ile jambo likishapakwa rangi limekwisha.

Walioipokea habari kwa shangwe ni wastaafu wa hospitali kuu. Walikuwa na kikundi chao kilichozaliwa siku za mgomo wa chumba cha kufulia, pale mashine zilipokufa na wakubwa wakataka wanawake wafue mashuka ya wodi zote kwa mikono, na shukrani iwe ni kutofukuzwa kazi. Mgomo ule uliongozwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga pasi. Tangu hapo akaitwa Mwenyekiti, hata na watu wasiojua alikuwa mwenyekiti wa nini. Wakubwa walimwita ofisini, wakamwekea chai, wakamwambia aseme tu kwamba yeye hao wengine hawajui, kila mtu na lake, naye atabaki kazini salama. Chai hakuinywa. Neno lile hakulisema.

Huyu Mwenyekiti alikuwa na mdogo wake ng'ambo ya mpaka. Tumbo moja, ziwa moja. Aliolewa kule zamani, wakati watu walipokuwa wakivuka asubuhi kusalimia wakwe na kurudi jioni kabla chakula hakijapoa. Mpaka ulipofungwa zilikuja barua mbili tatu, kisha kimya. Mwaka hadi mwaka Mwenyekiti alikwenda kwenye ofisi ya vibali ya nchi ile, ambako kulikuwa na dirisha la watu wenye ndugu, limezibwa kwa ubao. Askari wa mlangoni alimwambia, "Mama, rudi mwakani." Akarudi mwakani. Askari yule akazeeka, akastaafu, akaja mwingine, naye akajifunza maneno yale yale.

Sasa utalii umefunguliwa na ule ubao haujang'olewa. Isitoshe, sheria yao mpya ilisema kwamba mtu mwenye ndugu kule haruhusiwi kuingia kama mtalii. Asubiri dirisha lake. Yaani mgeni asiyejua hata mto wao unaitwaje anapokewa kwa maua, na dada wa mtu anaambiwa akae benchini. Mwenye akili aliyeitunga sheria ile bila shaka alipandishwa cheo.

Kwa hiyo Mwenyekiti alikwenda kwenye mkutano wa kwanza kuwasindikiza wenzake tu. Ofisi ilikuwa ndogo, feni inazunguka kwa kulalamika, maua ya plastiki juu ya kabati yana vumbi la miaka. Wakala aliwagawia karatasi zenye picha za hoteli mbili wachague moja. Ya kwanza ilikuwa mpya, kando ya ziwa, ina bwawa la kuogelea na vitanda vipana kama uwanja.

"Hapo hapo," alisema Dereva, aliyekuwa akiendesha gari la wagonjwa. "Maisha yangu yote nimewabeba watu waliolala. Sasa zamu yangu kulala."

Wakacheka. Hoteli ya pili ilikuwa ya zamani, karibu na stesheni ya treni, na Wakala mwenyewe aliitaja kwa aibu kidogo. Lifti haifanyi kazi, alisema, na maji kuna siku yanapandishwa kwa ndoo. Ilikuwa na picha moja tu: chumba, vitanda viwili, na miguuni pa kila kitanda shuka la akiba limekunjwa.

Mwenyekiti alikuwa anaitia karatasi mkobani. Mkono ukasimama.

Mama yao alikuwa dobi wa kufulia watu majumbani, na hao mabinti wawili ndio waliokuwa wakikunja mashuka, huyu anashika ncha huku, yule ncha kule. Mdogo alitumia mkono wa kushoto. Kila alipomaliza kukunja aliirudisha nje ile pembe ya mwisho, ikabaki imesimama kama sikio la paka aliyeshtuka. Mama aligomba hadi akachoka: "Shuka halisikii, la nini sikio?" Mtoto hakuacha. Mwenyekiti alifanya kazi ya mashuka hadi kustaafu, akafundisha wasichana wengi kukunja, na hakuwahi kuliona sikio lile kwa mtu mwingine. Sasa lilikuwa pale pichani, vitanda vyote viwili, upande wa kushoto.

Nyumbani alimwonyesha binti yake. Binti aliisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Mama, shuka ni shuka. Labda upepo."

"Upepo gani huo unaokunja mashuka mawili sawasawa?"

"Basi labda picha ni ya zamani. Au mama mdogo alimfundisha mtu."

"Huyo mtu atanieleza alifundishwa na nani."

Binti aliweka karatasi mezani. "Na wakikuuliza kama una ndugu kule? Maana watakuuliza."

Mwenyekiti alianza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Miaka yote ile pale mbele ya ubao hajawahi kumkana mdogo wake. Angeweza kusema anakwenda kununua vitambaa, au kumwona daktari. Wapo waliofanya hivyo kwenye dirisha jingine na wakapewa kibali. Yeye kila mwaka alisema vilevile: nakwenda kumwona mdogo wangu. Alikuwa na kiburi hicho, na hakuwa na kingine.

Siku ya mkutano wa pili aliandikisha jina lake, halafu akanyoosha mkono kama zamani.

"Mimi napendekeza ile ya stesheni."

Dereva aligeuka na kiti chake. "Mwenyekiti! Umeamka vibaya leo? Watu wanakwenda kupumzika, wewe unatupeleka kubeba ndoo?"

"Ndoo haijamuua mtu."

"Haijamuua kwa sababu mimi nilikuwa nawawahisha hospitali!"

Kicheko kikajaa chumba. Mpishi wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu kantini, alipiga mapaja. Muuguzi, aliyekuwa mkuu wa wodi ya wazazi, aliuliza kwa upole, "Lakini ina nini hiyo ya stesheni, mwenzetu?" Mwenyekiti akatazama meza. Mbele ya Wakala asingeweza kusema ina nini.

Wakala alikohoa. "Hoteli tutapigia kura. Ila kabla sijasahau, lazima nimwulize kila mmoja kwa kinywa. Una ndugu kule? Mzee, tuanze na wewe."

"Ndugu?" alisema Dereva. "Hata wa hapa wamenikimbia."

"Muuguzi?"

"Sina, baba."

"Mama mpishi?"

"Sina. Ningekuwa naye angekuwa anakuja kula kwangu."

"Mama Mwenyekiti?"

Feni ilizunguka. Mwenyekiti alikuwa ameshika mkobawe kwa mikono miwili.

"Sina," alisema.

Hapo kicheko kilikatika kama kimechinjwa. Hakuna mmoja kati yao ambaye hakumjua yule mdogo mtu. Muuguzi alizisoma zile barua na kulia naye bafuni, zamu ya asubuhi. Na Dereva, Dereva ndiye aliyempakia Mwenyekiti kwenye gari la wagonjwa wiki ile mpaka ulipofungwa, akamlaza kwenye machela, akawasha king'ora na kuendesha bila kupumzika hadi getini, kwa tumaini kwamba mgonjwa ataachwa apite. Hakuachwa. Walirudi na king'ora kimezimwa, na Dereva akakatwa mshahara kwa mafuta ya serikali.

Dereva aliichukua ile karatasi. Akaitazama picha ya stesheni, akamtazama Mwenyekiti, akairudia picha. Cha kuona hakukiona, kwani mashuka hayakuwa fani yake, lakini aliiweka karatasi chini taratibu.

"Na mimi nataka ya stesheni," alisema.

Wakala alishangaa. "Mzee, si ulisema bwawa?"

"Nimekumbuka sijui kuogelea."

"Mimi baridi ya ziwani inaniua magoti," alisema Muuguzi.

"Na mimi napenda treni," alisema Mpishi. "Pasipo na kelele silali. Nimelala na mume anayekoroma tangu usichana wangu, usiniletee habari za utulivu."

Mmoja baada ya mwingine wakaikataa hoteli ya ziwani. Huyu mbu, yule lifti humtia kizunguzungu na ni heri ile iliyokufa. Wakala aliandika, kisha akaacha kuandika. Hakuwa mjinga. Alifunga kalamu yake.

"Mama, wewe baki kidogo. Wengine mnaweza kwenda."

Hakuna aliyeinuka.

"Haya, nitasema mbele yao," alisema Wakala. "Una mtu kule. Usiniambie ni nani, sitaki kujua. Ila mimi nina leseni ya kulinda. Ikija kujulikana, kundi zima linarudishwa. Toa jina lako, mama. Ukitoka wewe, wenzako wanakwenda salama."

Ajabu ya wakubwa ni kwamba hawabadilishi hata maneno. Wenye suti wa hospitali nao walitaka hivyo hivyo: jitenge na wenzako, mambo yawe salama. Inawezekana kuna mahali wanafundishwa.

Mwenyekiti alikwishaanza kuinuka. "Futa jina langu," alisema. "Wasikose safari kwa ajili yangu."

"Kaa chini wewe," alisema Dereva. Akamgeukia Wakala. "Ukifuta moja, futa yote."

"Mzee, sikiliza..."

"Hujanielewa? Yote. Na langu uanze nalo."

"Langu pia," alisema Muuguzi, na Mpishi akawa ameshasimama, anachukua kanga yake.

Wakala alilegeza tai. Alikuwa amewaahidi watu wa gazeti kundi la kwanza kuvuka, na mpiga picha alikwishaandaliwa. Kundi la pili halipigwi picha.

"Kaeni," alisema mwishowe. "Jumatatu afisa wao anakuja hapa kuwaona ana kwa ana. Mimi simjibii mtu. Atajibu mwenyewe."

Jumatatu afisa alikuja. Walitarajia mtu wa masharubu. Akaja kijana, shati jeupe, adabu tele, umri wa mtu aliyezaliwa mpaka ukiwa umefungwa tayari. Alimwita kila mmoja mama au mzee, na kwa kila mmoja aliinuka kutoa mkono. Kwa Mwenyekiti aliinuka pia.

"Una mzazi, kaka au dada nchini kwetu, mama?"

"Sina."

Hilo alikuwa amelifanyia mazoezi. Lakini kijana alitabasamu, akaongeza la mazungumzo tu, huku akitafuta mhuri wake:

"Mlizaliwa wangapi kwenu?"

Hilo hakulifanyia mazoezi. Nyuma yake kiti cha Mpishi kililia.

"Peke yangu," alisema Mwenyekiti.

"Pole, mama. Mtoto wa pekee hana wa kucheza naye."

"Nilizoea."

Kijana alipata mhuri, akaugonga. "Karibu sana nchini kwetu."

Walishuka ngazi. Dereva alikuwa na utani wake ameuandaa tangu ghorofani, akafungua mdomo, akauona uso wa Mwenyekiti, akaufunga. Akamchukulia mkoba tu, mzee mzima na mkoba wa kike begani, na watu wa duka la dawa wakamtazama.

Muuguzi alimshika mkono. "Yale yalikuwa maneno ya mdomoni tu, mwenzangu. Mdogo wako mwenyewe akisikia atacheka."

"Najua," alisema Mwenyekiti. "Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Wakasimama barabarani. Magari yalipita. Mpishi alitaka kujua kama ni kweli wanaondoka mwezi ujao, na Dereva akasema ndiyo, imeshagongwa, sasa hata mvua ya mawe haitawazuia.

"Basi nisindikizeni nikanunue viatu," alisema Mwenyekiti, akiupangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Vya kutembelea. Watalii wanatembezwa sana, na mimi sitaki kuachwa nyuma ya kundi mpaka nitakapoamua mwenyewe."