Nusu Kichwa cha Mama Funguo

Saa mbili asubuhi, chai ya rangi haijapoa vikombeni, Msusi akaitwa kutoka chumba cha wanawake, na wenzake wote wakajua anaitiwa nini. Kichwa cha Mama Funguo.

Mama Funguo ndiye askari mkuu wa zamu pale kizuizini, mwanamke mpana mwenye rundo la funguo kiunoni, unalisikia kabla hujamwona mwenyewe. Siku hiyo mdogo wake alikuwa anaolewa alasiri, na saluni ya mtaani kwake ilishawahi kumchoma sikio.

"Sifa zako nimezisikia," akamwambia Msusi, akivuta kiti katika chumba cha karani na kufunga mlango. "Huko ndani mmelala sakafuni, lakini vichwa kama mabibi harusi."

Msusi akacheka, kile kicheko cha kumchekea mwenye rungu. Macho yake yalikuwa dirishani. Nje ya nondo liliegeshwa basi jeupe, mlango wazi. Saa nne litaondoka na watu kumi na wawili kwenda kuwamwaga ng'ambo ya mpaka, na yeye ni wa tisa kwenye orodha. Miaka kumi na tisa ameishi upande huu. Amezaa watatu, amemuuguza mama mkwe mpaka akamzika, amesuka nusu ya mtaa. Kibali chake kilikwisha muda, ombi la kukiongeza likalala mezani kwa mtu, na mtu huyo hajaamka hadi leo.

Jana mume wake alimwambia kwenye simu ya ukutani: jaji huenda akatia saini hati ya kuzuia safari, pengine mchana. Ila sharti ipokelewe kabla basi halijatoka getini. Likishatoka, hiyo ni karatasi ya kufungia karanga.

Sasa, basi hilo haliruhusiwi kutoka bila saini ya Mama Funguo. Na Mama Funguo, anavyojipenda, hatatoka mbele za watu na nusu kichwa. Msusi aliipiga hesabu hiyo usiku kucha. Akashika kitana, akagawa njia, akaifuta, akaigawa upya.

"Unanisuka au unanipimia kiwanja?"

"Nywele zako zina kiburi, afande. Ukiziharakisha zinanuna."

"Zimemfuata baba yangu." Mama Funguo akajiegemeza, akaanza kumsimulia ya bwana harusi, kwamba ana wake wawili wa zamani na wote wamealikwa, na kwamba mmoja ndiye atakayepika. Msusi akaitikia, akauliza, akachochea. Maneno yakakimbia, vidole vikajikokota.

Simu ya mezani ikalia.

"Iache. Leo simpokei mtu mpaka nisukwe."

Ikalia tena, na tena. Kila ilipolia Msusi alipata nafuu moyoni. Ni dereva huyo, alijisemea, ngoja achoke.

Saa nne ikapita. Honi ikapigwa. Mkuu wa msafara, mwembamba kama fagio, akagonga, akafunguliwa upenyo. "Mama, saini."

"Unanionaje nilivyo?"

"Nakuona. Lakini wakubwa wamesema saa nne na nusu naondoka, kwa saini yako au ya msaidizi wako."

Alipogeuka tu, mfagiaji akapenya na ndoo yake. Huyu ndiye redio ya jengo zima.

"Msusi, una mume wewe. Tangu saa tatu amesimama getini na bahasha. Mlinzi anapiga simu humu mpaka kidole kimemuuma, na hati za mahakama hazipokei mwingine ila mama hapa."

Kitana kikamponyoka Msusi. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umesukwa ukang'aa. Wa kushoto ulisimama kama kichaka, na kichaka hicho kilitaka saa nzima hata kwa mkono mwepesi.

"Mama, tafadhali, nenda kaipokee."

"Hivi nilivyo? Vijana wa getini watanibandika jina mpaka nistaafu."

"Nilikuwa nakusuka polepole makusudi," Msusi akasema. "Ili basi lisiondoke."

Mama Funguo akageuka na kiti chake. "Njia sita kwa saa mbili. Nikadhani unapenda maongezi yangu."

"Niliyapenda pia."

Honi ikalia.

"Stoo, mfuko namba thelathini na moja," Msusi akasema. "Mna kilemba changu."

Mama Funguo akatoka, na ufunguo ukazunguka mara mbili nyuma yake. Msusi akashika nondo za dirisha. Wenzake walikuwa wanapanda basi, mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wake. Mama Funguo hakuonekana. Sijui ameelekea stoo, sijui amekwenda kuwaita wakamburute.

Mlango ukagongwa. "Namba tisa, toka," ilikuwa sauti ya msaidizi.

"Nimefungiwa."

"Nani ana ufunguo?"

"Mwenye funguo."

Msaidizi akatukana, akaenda kutafuta. Tangu aletwe, ndiyo mara ya kwanza Msusi kuombea mlango usifunguliwe.

Injini ikanguruma. Ndipo akakiona kilemba chake cha bluu kikirudi kutoka getini, kimefungwa juu juu, kidevu kimenyanyuliwa, bahasha mkononi. Mama Funguo akasimama mlangoni mwa basi, akakata mstari kwenye orodha, akasaini. Basi likaondoka na watu kumi na mmoja.

Aliporudi alifunga mlango kwa ndani, akasoma kwa sauti. Asisafirishwe mpaka kesi isikilizwe, siku ishirini na nane. Katika muda huo aendelee kushikiliwa.

"Mume wangu?"

"Nimemrudisha kwa watoto. Aje Jumapili." Akavua kilemba, akakikunja, akakibana kwapani mwake; vitu vya stoo hurudi stoo. Akakaa, kichaka kikamwelekea Msusi. "Haya, kimbiza mkono. Na kesho kuna askari wawili wa zamu ya jioni utakaowasuka, nimeshawaambia."

Msusi akaokota kitana. Akatafuta alipokuwa ameachia, akagawa njia ya saba.