Hodi ya Saa Kumi

Mkewe ndiye aliyembatiza jina la Toleo, na jina likamganda. Kila jioni alipotoka kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, anakoshinda akisugua vioo, alirudi na habari ileile: kuna toleo jipya. Toleo jipya la nini? La programu ya ndani ya ruta, kile kisanduku cha kusambaza mtandao nyumbani. Watu wengine hununua ruta, wakaiweka juu ya kabati, wakaisahau hadi siku taa zinapozimika. Yeye aliifuta programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani, akaweka nyingine iliyotungwa na watu asiowajua, na tangu hapo hakuiacha ipumue. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Toleo ziliota upande mmoja tu.

Lakini tusimcheke sana, maana ruta hiyo ndiyo iliyowashika pamoja. Mkewe ni mpishi kwenye kambi ya wachimba madini, mbali, mahali pasipo na mnara wa simu hata mmoja. Mtandao uliopo ni wa kampuni, na kampuni imefunga kila kitu cha kupigia simu na kutumiana ujumbe, watu wasije wakapiga soga badala ya kazi. Toleo alihangaika wiki tatu hadi akapata upenyo. Aliweka VPN, yaani handaki jembamba linaloanzia kwenye simu ya mkewe, linapita chini ya makufuli ya kampuni na kutokea sebuleni kwao, kwenye ruta. Kila Ijumaa saa kumi jioni, sahani za mchana zikishaoshwa na moto wa usiku haujawashwa, mpishi alikuwa na saa moja yake mwenyewe. Aligusa kitufe, handaki likafunguka, akaingia nyumbani akicheka.

Jumanne ya wiki hiyo mama mkwe alirudi kutoka hospitali na karatasi. Alikuwa akiishi nao tangu koo lilipoanza kumsumbua, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, miaka thelathini na moja akipaza sauti juu ya watoto sitini. Daktari alisema uvimbe umeshika zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kooni. Wangeliondoa Jumamosi asubuhi, na sauti ingeondoka nalo, isirudi. Toleo aliuliza kama haiwezekani kusogeza siku. Akaambiwa kitanda kingine ni cha mwezi ujao, na pumzi ya mama haina mwezi mzima.

Kwa hiyo ilibaki Ijumaa moja. Mpishi hakujua lolote, alidhani mama yake ana mafua yaliyogoma kupona.

Tangu siku hiyo mama mkwe akaacha kusema. Sauti ilikuwapo bado, fupi, ya kukwaruza, lakini daktari alimwonya kwamba akiitumia ovyo inaweza kumkauka kabla ya siku yenyewe. Akaamua kuibania. Haja zake aliziandika nyuma ya bahasha za vioo alizoletewa na mkwewe, kwa mwandiko wa ubaoni. *Chai haina sukari. Mkwe, shati lako limepungukiwa kifungo.* Toleo alipomshauri arekodi maneno yake kwenye simu, yahifadhiwe, aliandika kwa herufi kubwa: *MIMI SI TANGAZO.* Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: *Mtu husema akijibiwa. Nitasema Ijumaa.*

Sasa sikia alichofanya huyo bwana. Ijumaa mbili zilizopita sauti ya mkewe ilikuwa ikikatikakatika, neno linafika bila mkia. Jumatano likatoka toleo jipya, na waliolijaribu waliapa kwamba sauti inapita bila kukwama. Moyo ulimwambia asubiri hadi wiki ijayo. Lakini ni Ijumaa hii hii aliyoitaka iwe safi, mama asikike hata pumzi yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akajisemea. Methali hiyo imewaponza wengi.

Alihifadhi nakala ya akiba ya mipangilio yote, kama inavyotakiwa. Akaweka toleo jipya, akachagua kuanza upya kabisa, kwa kuwa ndivyo walivyoshauri. Akalichimba handaki tena na kutengeneza funguo nyingine. Halafu akajaribu, na kwa kujaribu hana mpinzani. Aliweka ufunguo mpya kwenye simu yake, akatoka nje, akazima mtandao wa nyumbani na kutumia bando lake, akatazama alama ya handaki kwenye skrini. Kijani. Akasogea hadi kona ya kinyozi. Kijani. Akavuka barabara hadi kwa muuza vipuri vya baiskeli, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa mama mkwe alivaa gauni lake la kufundishia, la bluu, lenye mfuko wa chaki. Alikunywa maji ya uvuguvugu. Simu ya kupokelea ilisimamishwa mbele yake, imeegemea kopo la kalamu. Saa kumi ikafika, ikapita kwa dakika mbili, kisha tano. Mpishi hachelewi, mtu anayelisha watu mia mbili kwa saa hajui kuchelewa.

Toleo alifungua kompyuta, akaingia ndani ya ruta, akatazama orodha ya matukio. Mistari ilikuwa ikishuka, mmoja kila baada ya sekunde chache, na yote ilisema jambo moja kwa lugha kavu ya mashine: kuna anayebisha kutoka mbali, ufunguo wake haulingani, ametupwa nje.

Kufuli alilibadilisha Jumatano. Ufunguo mpya aliuweka kwenye simu yake, akajaribu kona zote za mtaa kwa simu yake. Ule wa mkewe ulikuwa wa zamani, na njia pekee ya kumpelekea mpya ilikuwa kupitia handaki lenyewe.

"Nakala," akasema kwa sauti. "Ninayo nakala ya akiba."

Akaitafuta kwenye kompyuta, haipo. Kwenye simu, haipo. Ndipo akakumbuka alipoihifadhi: ndani ya ruta yenyewe, siku ile ile aliyoifuta ruta. Alikuwa ameficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba, kisha akaichoma nyumba. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kompyuta yake.

Akapiga simu ofisi ya kambi, namba ambayo walipewa kwa ajili ya misiba. Iliita muda mrefu, akapokea mlinzi wa getini.

"Ofisi imefungwa, kaka. Hadi Jumatatu."

"Nakuomba umwite mpishi, yuko hapo hapo jikoni. Ni dakika moja tu."

"Jiko ni geti la pili, mimi ni wa geti la kwanza. Nikiondoka hapa, kesho nitakuwa nyumbani kwangu nalima. Kuna msiba?"

Toleo alimtazama mama mkwe, amekaa wima kitini, mikono mapajani.

"Hapana," akasema. "Hakuna msiba."

"Basi nitaandika kwenye kitabu. Jumatatu watamwambia."

Simu ikakatika. Mama mkwe akachukua bahasha, akaandika: *Vipi?* Toleo angeweza kumweleza mambo ya funguo kwa saa nzima, lakini akafupisha.

"Anabisha, mama. Nimebadilisha kitasa, na yeye ana ufunguo wa zamani. Hii mistari yote ni yeye."

Mama mkwe aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akafungua mdomo.

"Na wewe uko ndani?"

"Niko ndani, mama."

"Basi fungua."

"Siwezi."

"Mgeni mlangoni, mwenyeji ndani, na mlango haufunguki." Alivuta pumzi, ikapiga filimbi kooni. "Hesabu hiyo sijawahi kuifundisha."

Toleo hakujua acheke au alie. Akamwonyesha mistari kwa kidole. Mingi, alimwambia, simu yenyewe ndiyo inayobisha, haihitaji mtu. Lakini namba iliyo mwishoni mwa mstari ikibadilika, ujue amezima akawasha tena. Hiyo ndiyo dawa aliyomfundisha mkewe: ikigoma, zima, washa. Huo ndio mkono wake.

Mama mkwe akavuta kiti karibu, akavaa miwani aliyotengenezewa na mkwewe, akaikazia macho ile namba. Ikabadilika.

"Karibu!" akasema.

Ilikuwa sauti ya darasani, yenye mikwaruzo lakini ya darasani. Toleo akashtuka.

"Mama, hakusikii."

"Najua. Hodi ni hodi. Utaniambia nisimwitikie mwanangu?"

Namba ikabadilika. "Karibu, mwanangu." Ikakaa, ikabadilika. "Karibu, pita ndani." Hodi hupigwa mara tatu, na ya tatu isipojibiwa mtu mstaarabu hugeuka akaenda zake. Mpishi hakugeuka. Alibisha ya nne, ya tano, ya sita, na kila mara mama yake alimwitikia. Kufikia ya saba sauti ilikuwa imebaki nusu. Toleo alimsihi apumzike, akaoneshwa kiganja, kama watoto wanavyonyamazishwa. Ya kumi ilikuwa hewa yenye umbo la neno. Ya kumi na moja ilikuja saa kumi na dakika hamsini na nane, na ilikuwa midomo tu.

Kisha mistari ikakoma. Moto wa usiku ulikuwa umewashwa. Mama mkwe alivua miwani, akaikunja. Toleo akaona kwamba simu yake mwenyewe ilikuwa mkononi saa nzima, na hakukumbuka kurekodi hata karibu moja.

Jumamosi walimpasua, akatoka salama. Jumatatu saa nne simu ikaita, namba ya ofisi ya kambi.

"Toleo? Nimepewa dakika saba, wamesimama hapa. Kuna nini?"

Akamwambia yote, uvimbe, zoloto, Jumamosi, kitasa. Hakujitetea.

"Nilibisha Ijumaa," mkewe akasema. "Saa nzima."

"Najua. Tulikuona."

"Mama alikuwapo?"

"Alikuwa kwenye kiti, mbele ya kompyuta."

"Alikuwa na sauti bado?"

"Alikuwa nayo."

"Alisema nini?"

Toleo alibana simu sikioni.

"Alisema karibu," akajibu. "Mara kumi na moja."