Nusu Hekta ya Vuhovi

Asubuhi ya Jumatatu, kwenye kituo kimoja cha utafiti wa kilimo mjini Butembo, Florentine, mtaalamu wa kilimo, aliwasha kompyuta kabla betri ya sola haijachoka, akasoma jibu la wafadhili. Ombi lake la kurasa mbili lilikuwa limewapendeza. Sasa walitaka alipanue liwe andiko kamili la kurasa arobaini.

Ombi lenyewe lilisema jambo moja tu. Maharagwe ya kijiji cha Vuhovi yanaoza mizizi. Zipo mbegu zinazoweza kuuvumilia ugonjwa huo. Wakulima wapewe wazijaribu msimu huu, kuanzia kwenye nusu hekta ya Mama Rébecca, mjane mwenye watoto watatu. Mtu mwenye akili timamu angesoma hayo akatuma mbegu. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wafadhili walitaka kwanza muktadha.

Florentine akaandika muktadha. Alichukua sentensi yake ya shamba la Mama Rébecca, akaivuta mpaka ikajaza kurasa nne. Jioni simu ikalia.

"Mama Agronome, jambo," alisema Mama Rébecca. "Shamba imekuwa murefu."

"Murefu namna gani?"

"Murefu tu. Maharagi hapana kuongezeka, iko ile ile, lakini kati ya shina na shina ng'ombe inaweza kulala. Leo nimetoka ku nyumba asubui, nikafika ku barabara saa sita."

Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa shamba, barabara upande wa pili. Zamani alipokuwa barabarani aliweza kumgombeza mtoto aliye jikoni.

Florentine alimwomba radhi, akaenda Vuhovi kwa pikipiki kupima. Kazi hiyo ilimlia siku nzima. Utepe ulisema nusu hekta. Alipima tena, maana ndicho alichosomea, na utepe haukubadili neno lake, basi akaandika nusu hekta.

Shida yenyewe ikawa kikundi. Huko wanawake hulimiana kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwa mwenzako, na zamu ni siku moja, haina nyongeza. Siku ya Mama Rébecca wenzake walikuja na majembe, wakalima kwa nyimbo, na jua likazama kabla hawajaiona katikati ya shamba. Hawakumgombeza. Walimwambia tu kwamba shamba lake sasa ni la ukoo mzima, nao hawana nguvu za ukoo mzima. Zamu iliyofuata wakamruka.

Florentine aliposikia alikasirika. Alitaka kuacha kuandika. Lakini bila andiko hakuna mbegu, na bila mbegu maharagwe ya Mama Rébecca yangeoza tu, yawe yamebanana au yametawanyika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapanda gari la Beni, akaenda kwenye ofisi iliyowawakilisha wafadhili, kuonana na Aurélie, mtumishi aliyeletwa kutoka Kinshasa kushughulikia maombi.

Aurélie alimpa kiti na soda baridi. Alisoma kurasa zote bila haraka. Alikuwa mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Madame Florentine, iko bien. Lakini uendelevu iko maigre sana, imekonda. Na wanawake, page moja tu?"

"Kila page naongeza, shamba inalefuka," alisema Florentine. "Ule mama sasa anashindwa kufika ku batoto yake."

Aurélie alitikisa kichwa kwa huruma.

"Donc, basi, ile uiweke ku sehemu ya hatari. Bale bafadhili banapenda hatari yenye iko claire. Page tatu, ivi."

Florentine akaziandika kurasa tatu za hatari, na shamba likapokea zote tatu. Kisha akajaribu ujanja. Alikuza herufi, akapanua pambizo, akabandika picha ya mzizi uliooza. Shamba halikusogea hata kidogo, naye akafurahi kwa nusu siku. Wafadhili wakamrudishia andiko: mashine yao ilikuwa inahesabu maneno, si kurasa. Ikambidi aandike maneno.

Alipomaliza, mvua zilikuwa zimeshaanza. Mama Rébecca alikuwa amejijengea kibanda katikati ya shamba, apalilie peke yake bila kupoteza siku njiani. Watoto walibaki nyumbani na bibi yao, naye akawa anawafikia Jumapili tu. Maharagwe yalichanua, yakageuka manjano, yakaoza mizizi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo ya Vuhovi yaliumia kwelikweli.

Jibu lilikuja. Andiko limekubaliwa, pongezi nyingi. Wafadhili walivutiwa hasa na ukubwa wa eneo. Mbegu zitatolewa msimu ujao, mara tu watakapopokea mpango wa utekelezaji, kurasa sitini, kabla ya Ijumaa.

Florentine aliitukana kompyuta kwa Kinande, kisha akaitia kwenye mfuko wake wa begani, akaenda Vuhovi. Alifika kibandani alasiri. Mama Rébecca alimkaribisha kwa muhogo wa kuchemsha.

"Mbegu imekuja?"

"Bado, mama. Bamekubali. Lakini banataka maandishi ingine."

"Page ngapi?"

"Makumi sita."

Mama Rébecca aliweka jembe chini. Alitazama upande wa nyumba yake, ambayo kutoka hapo haikuonekana.

"Basi ungojee kidogo, usianze," alisema. "Niende kwanza kukamata batoto. Page makumi sita, siwezi tena kubafikia."

Alikaza kitenge, akaondoka. Florentine alimngojea kibandani, kompyuta imefungwa. Kesho yake alasiri aliwaona wakija: mama mbele na sufuria kichwani, watoto watatu nyuma yake, na bibi yao akiwafuata pole pole na kuku kwapani. Alingoja mpaka wote wameingia kibandani na kuketi. Kisha akafungua kompyuta, akaandika: Utangulizi.