Kabureta za Mzee Sixten

Tangu mwezi wa tatu Ylva alikuwa amekwenda dukani kwa Roland mara tatu, na mara zote tatu alimwambia baba yake anakwenda kwa daktari wa meno. Kwa safari hizo angekuwa hana jino hata moja la kwake. Lakini mzee Sixten hakuwa mtu wa kuhesabu meno ya watu. Mwezi wa tano angetimiza miaka sabini, na binti yake alitaka siku hiyo imwache mdomo wazi.

Zawadi yenyewe ilikuwa ya injini. Gari la Sixten, Volvo Amazon ya mwaka 1966, baba na binti walilitoa kwenye ghala la nyasi la jirani Ylva akiwa na miaka kumi na miwili. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Miaka minane walilifufua nati kwa nati, Ylva akipenyeza mkono wake mdogo pale ambapo mkono wa mzee haukufika. Tangu wakati huo Sixten alimwambia kila aliyetaka kusikia, na hata asiyetaka: "Nikifa, hili ni la Ylva." Kaka yake, Joakim, siku hizo alikuwa chumbani na kompyuta yake, na mpaka leo plagi na pampu kwake ni kitu kimoja. Sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa.

Roland aliuza vipuri vya Volvo za zamani mjini Vetlanda, na alikuwa na ugonjwa wa kutaka kila gari liwe la mashindano.

"Chukua kemshafti hii ya mashindano, binti Sixten. Litanguruma hadi kijiji cha pili wafunge madirisha."

"Halafu asubuhi ya baridi likatae kuwaka, mzee aninunie mpaka Krismasi? Nipe ile ya wastani. Na kabureta mbili, na bomba la moshi pana kidogo. Basi."

"Unamdekeza baba yako."

"Nisipomdekeza mimi nani atamdekeza?"

Roland akacheka, akaivuta kompyuta. Nguvu ya injini ikizidi sana ile iliyoandikishwa, gari lazima lipelekwe ukaguzi, kwa hiyo alitaka kuona kilichoandikwa. Katika nchi yao si siri gari ni la nani. Ukiwa na namba yake tu, unamjua mwenyewe. Ylva akaitaja namba upesi, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa.

"Nguvu haina tatizo," Roland akasema. "Ila wakitaka ukaguzi, fomu atasaini mwenye gari. Joakim ndiye shemeji yetu, siyo?"

"Shemeji gani? Joakim ni kaka yangu. Anaingiaje hapa?"

 Roland aliigeuza kompyuta amwonyeshe. Mmiliki: Joakim Ståhlgren, tangu tarehe nane mwezi wa pili.

Ylva alisoma, akasoma tena. Mwezi wa pili. Wiki ileile alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya baridi chini ya gari hilo, akibadilisha mipira ya breki, na baba yake amechuchumaa pembeni anampitishia spana na kahawa. Walizungumza habari za theluji, za mguu wa mama, za bei ya matairi. Mzee alikuwa ametoka kusaini karatasi za kuligawa, na akamwacha binti yake achafuke mafuta mpaka kwenye nywele bila kumwambia neno. Hilo ndilo lililomuuma. Kugawa aligawa, gari ni lake, lakini kumpitishia spana?

Vipuri alivichukua, kwa sababu vilikwisha kulipwa na kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Zilibaki siku tisa kabla ya siku ya kuzaliwa. Alijiambia labda mzee anatafuta saa nzuri ya kusema, akaamua kumpa mwanya.

"Baba, karatasi za gari letu mwaka huu ziko sawa?"

"Ziko sawa, mwanangu," Sixten akasema, bila hata kupepesa. "Wewe niangalizie oili tu."

Ylva akaangalia oili.

Asubuhi ya siku ya kuzaliwa walikusanyika nje ya mlango wa chumba, kama ilivyo kawaida kwao: mama yao, Barbro, na sinia ya kahawa na keki, Joakim na kibendera, Ylva na kiboksi kidogo. Wakaingia wakiimba. Sixten alikuwa kitandani amefumba macho, akijifanya amelala, maana hivyo ndivyo anavyofanya mwenye siku yake. Ylva alimtazama jinsi alivyojua kujifanya, akaacha kuimba.

Mzee aliamka, akashangaa kama inavyotakiwa, akafungua kiboksi. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja wenye kipande cha ngozi.

"Huu si ufunguo wako wa Amazon?"

"Ulikuwa wangu. Mpe mwenye gari."

Barbro akainamia sinia, akaanza kupanga vijiko vilivyokwisha kupangwa. Joakim akawa mwekundu hadi masikioni.

"Baba alisema atakwambia mwenyewe," akasema.

Kumbe wote walijua. Nyumba nzima ilijua, isipokuwa fundi.

"Usikasirike, mwanangu," Sixten akasema. "Wewe unakaa ghorofani, huna gereji. Joakim anayo. Siku nisipokuwepo, gari kama lile halilali mvuani."

"Ungeniambia, ningekodi gereji. Ningelala nalo."

"Sasa kimebadilika nini? Liko palepale kwangu. Utaendelea kulishughulikia wewe. Nani mwingine ataliweza?"

"Kweli kabisa, dada," Joakim akadakia, maskini, akidhani anapatanisha. "Nilitaka hata kukuomba. Asubuhi linakohoa. Ungelitupia jicho kidogo leo?"

Ylva alijua linakohoa kwa nini. Kabureta ilikuwa imechakaa, na mbili mpya zilikuwa kwenye buti ya gari lake, zimefungwa kwa karatasi nyekundu. Alimkatia baba yake kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani, akaenda kuvaa viatu.

Alikuwa na mkono kwenye kitasa aliposikia sauti ya mzee kutoka chumbani, imejaa manung'uniko ya kitoto.

"Na zawadi yangu je? Mama yako alisema miezi yote hii unaniandalia kitu."

"Nimekupa, baba," Ylva akasema. "Umeishika mkononi."