Waya Kwenye Mkuyu wa Pembeni

Ukuta wa chumba cha binti yangu ulibakiza msimu mmoja tu ufunge. Mmoja. Miaka tisa tumeulea, familia sita, tangu tupande miche ya mikuyu kuzunguka kiwanja chetu. Matawi tunayakunja yangali laini, tunakwangua magome yanapokutana, tunayafunga pamoja mpaka yashikane yawe mwili mmoja, na huo ndio ukuta. Vyumba vitano vimeshafunga na watu wanaishi ndani. Cha sita ndicho cha binti yangu, mjane mwenye watoto watatu. Kwa sasa tunabanana wote watano chumbani kwangu.

Sheria yetu ya kufunga matawi ni moja: kwa kitambaa, basi. Na kila mvua zikiisha lazima mtu azunguke mti kwa mti, afungue, afunge upya, maana mti unanenepa. Kazi hiyo ni yangu, na magoti yangu yanaijua.

Mwaka jana niliugua. Shemeji yangu, fundi bomba mstaafu, akasema pumzika, nitazunguka mimi. Nikamshukuru. Hata nilipopona sikwenda kukagua, nilikuwa nimechoka.

Halafu asubuhi moja nikaona mkuyu wa pembeni una majani ya njano, na wenzake wote kijani. Nikapapasa shina. Chini ya kitambaa kulikuwa na waya, mizunguko mitatu, umeshazama ndani ya gome.

"Shemeji! Hebu njoo."

Akaja na kikombe chake cha chai. Akatazama, akakohoa.

"Kitambaa kinaoza, shemeji. Nikasema nikupunguzie kazi."

"Umenipunguzia kazi au umenipunguzia mti?"

"Bomba nikilifunga hivi, miaka ishirini halivuji."

"Bomba linanenepa?"

Akautazama tena waya. Chai ikapoa mkononi.

Tukaukata waya kwa koleo, kipande kipande. Jeraha lilizunguka shina lote, chakula cha mti hakina pa kupita. Nikachukua vichipukizi sita vyembamba, nikachonga ncha, nikavichomeka upande mmoja chini ya jeraha na mwingine juu yake, kama madaraja. Niliwahi kufanya hivyo kwa mti mwingine, ukapona. Shemeji alikaa chini kwenye tope akinishikia vichipukizi.

Tukangoja. Kila asubuhi nilimkuta ameshafika, anachungulia. Binti yangu aliuliza mara moja tu.

"Mama, anaendeleaje?"

"Nani?"

"Mgonjwa wetu."

"Anakula kidogo," nikamwambia. Nilidanganya.

Baada ya wiki saba madaraja matano yalikuwa yamekauka, na la sita likafuata. Mti mkavu ukiuacha ukutani unaita mchwa, nao hawachagui, wanakula na majirani. Shemeji akaukata kwa msumeno, mwenyewe, akikataa kupokewa. Likabaki pengo la kupitisha kitanda. Kuliziba tena ni miaka sita, saba. Nilianza kujumlisha na umri wangu, nikaacha.

Kesho yake binti yangu akaja na mkeka mpana na kamba.

"Unafanya nini?"

"Nahamia."

"Chumba hakijafunga, mwanangu. Kwetu haingii mtu kabla hakijafunga."

"Kuta tatu zipo. Ya nne nitatundika mkeka."

"Na mvua?"

"Mvua inanyesha siku moja moja, mama. Wewe unakoroma kila siku."

Nilitaka kukataa. Nikatafuta nguvu za kukataa, sikuzipata. Majirani wakaja kunung'unika, shemeji akawakuta mlangoni: "Aliyevunja ukuta ni mimi. Mwenye neno aniambie mimi." Wakaondoka.

Mkeka ukatundikwa. Nikapanda mche mpya mbele yake, unafika gotini. Watoto wanauruka wakiingia na kutoka, nami nimeshapaza sauti mpaka imekauka. Nikaupigia kijiti cha kuuegemeza, nikatafuta cha kuufungia.

"Acha," shemeji akasema. "Huu nitaufunga mimi. Kila mvua zikiisha."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa shuka langu."

Nikalitazama lile shuka begani mwake.

"Kalifue kwanza," nikamwambia, nikakaa chini.